Mafunjo ya Kisale Hayakuwa Pori

Mgeni akishuka Bukama, kusini-mashariki mwa Kongo, na kuuliza kuna nini cha kutazama, huonyeshwa kwanza mto. Lualaba unapofika hapa umekwisha kuporomoka kwenye magenge ya Nzilo, umetulia, umenenepa, na kuanzia bandari hii kuelekea kaskazini unabeba masua hadi Kongolo, safari ya zaidi ya kilomita 600. Baada ya mto huonyeshwa daraja la reli. Kisha hutajiwa maziwa: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo yaliyotapakaa bondeni, halafu viboko, mamba na ndege wa majini wasiohesabika. Mwisho mwenyeji hunyoosha mkono upande wa mashariki, iliko milima ya Kibara, na kusema kwamba huko juu, Lusinga, ndiko waliko punda milia wa mwisho wa Kongo nzima. Yote ni kweli. Ila katika orodha hiyo hamna mtu hata mmoja. Mwenyeji amezoea kujitoa katika picha ya kwao, na mazoea hayo hakuyarithi kwa babu zake. Yana umri wa miaka mia moja na kitu, yana walioyaanzisha, na yameleta hasara. Ninachodai hapa ni kwamba wanyama na mandhari ya Bukama ni sehemu ya historia ya watu wa bonde hili, kiasi kwamba anayetaka kuwaeleza wanyama hao bila kuwataja wavuvi ataeleza nusu, na anayetaka kuwalinda bila wavuvi hatafika mbali.

Ushahidi wa kwanza umelala ardhini. Mwaka 1957 Jacques Nenquin, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux, walichimba Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wakakuta makaburi zaidi ya mia moja. Mwaka 1959 Hiernaux akachimba Katoto, karibu zaidi na Bukama yenyewe. Miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi bondeni, akachimba Sanga tena, akachimba na Kamilamba, Kikulu, Katongo na Malemba-Nkulu, akapata vipimo vya umri vilivyomwezesha kupanga nyakati kwa zamu. Matokeo yake ni kwamba tangu karne ya 6 au ya 7 watu wameishi kando ya maziwa haya mfululizo, kizazi baada ya kizazi, hadi leo. Sehemu za Afrika ya Kati zenye kumbukumbu ndefu kama hiyo isiyokatika ni za kuhesabu kwa vidole. Kipindi kilichostawi zaidi kilikuwa kati ya karne ya 10 na ya 13, na kaburi la wakati huo ukilitazama kwa karibu linasema mengi. Marehemu amezungukwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, vingine vina mdomo wa kumiminia na mishikio. Ana bangili na mikufu ya shaba. Ana visu, ndoana na chusa. Kaburi la mtoto lina vyungu vidogo vidogo, kana kwamba mfinyanzi alipima mkono utakaovishika. Pamoja na vyungu hivyo hupatikana majiko ya udongo ya kubebeka, ya kuwekea makaa, ambayo mvuvi angeweza kuyatia mtumbwini akapika katikati ya ziwa. Na zimo simbi, zile za Bahari ya Hindi, zilizosafiri kilomita 1,500 na zaidi kabla ya kuzikwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kusikia neno bahari.

Shaba ile haikutoka bondeni. Ilitoka kusini, kwenye machimbo ambayo leo yanaipa Katanga jina duniani. Katika karne zilizofuata ilianza kuja kwa umbo la misalaba midogo, na misalaba hiyo, kadiri miaka ilivyopita, ilizidi kupungua ukubwa na kulingana umbo, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imegeuka kuwa fedha. Watu wa ziwani waliilipia kwa nini? Bonde lina chumvi kidogo pembezoni, lina mawese, lakini kitu ambacho lina wingi wake, na ambacho watu wa nyanda kavu za kusini walikikosa, ni samaki. Samaki aliyekaushwa kwa moshi hudumu, ni mwepisi kumbeba, na hupata bei nzuri mbali na maji. Wachunguzi wengi wanaelekea huko, nami sioni jibu lililo bora zaidi. Ikiwa ndivyo, basi tunazungumza juu ya nchi iliyokuwa na watu wengi, yenye mafundi chuma, yenye watawala (Kamilamba kulikutwa kaburi la karne ya 8 hivi lenye fuawe na shoka la heshima lililopigiliwa misumari mpinini), na iliyokuwa ikivua kwa ajili ya soko la mbali kwa karne nyingi.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya hesabu ya wanyama. Baada ya zaidi ya miaka elfu moja ya kuvuliwa, kulimwa na kuwindwa kwa chuma, bonde hilo hilo lilikuwa bado na tembo wa kutosha kuwavuta wafanyabiashara wa pembe kutoka bahari zote mbili, Hindi na Atlantiki. Lilikuwa na viboko, na mabwawa yake yalijaa swala wa majini. Haya hayakuwa mabaki ya pori lililosahauliwa na binadamu. Vijiji vilikuwa pale pale, ufukweni, moshi wa kukaushia samaki ukipanda kila jioni, na wanyama walikuwa ng'ambo ya mafunjo.

Na mafunjo yenyewe ni shahidi. Mgeni akiyaona kutoka kwenye masua, ukuta wa kijani wenye vichwa vya manyoya usio na mwanzo wala mwisho, husema hapa hajafika mtu. Mwenyeji anaona kitu kingine. Mafunjo ya Kisale hayakai mahali pamoja: huota juu ya maji, mizizi ikasukana ikawa kama mkeka mnene, mkeka ukakatika ukaelea, upepo ukausukuma ukaziba mlango wa kijiji usiku mmoja. Njia ya maji isiyokatwa mara kwa mara hufunga, na kijiji ambacho njia yake imefunga kimepoteza ziwa. Kwa hiyo kila mkondo unaopenya mafunjo ni kazi ya mikono, una wenyewe, na una jina. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekaa katika nchi ya Waluba, wenyeji wa bonde hili, kati ya 1874 na 1875, aliliona Ziwa Mohrya likiwa na nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Kisale hakuruhusiwa kulifikia, lakini alisimuliwa habari za watu wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea. Visiwa hivyo havikuwa hekaya. Wavuvi wa Kisale wanajenga vibanda juu ya mafunjo yaliyosukana mpaka leo, na sakafu ya nyumba hupanda na kushuka pamoja na maji. Kuyaita makazi ya namna hiyo pori ni sawa na kuuita mtaa pori kwa sababu una miti.

Waluba walikuwa na namna yao ya kuwaonyesha wengine nchi yao, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Chama cha Mbudye, kilichotunza kumbukumbu za ufalme wao, kilikuwa na kibao kiitwacho lukasa: ubao wa ukubwa wa kushikika kwa mkono mmoja, uliopigiliwa shanga na simbi upande mmoja, na mara nyingi kuchongwa upande wa pili mistari ya gamba la kobe, mnyama aliye alama ya chama. Wenye ujuzi, bana balute, waliusoma kwa kupitisha kidole. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mfalme na watu wake, au ziwa na vijiji vyake. Mstari wa shanga uliweza kuwa safari au njia. Mito, vilima na maziwa yenye pepo, bavidye, yote yalikuwamo, na kila moja lilisomwa pamoja na tukio: hapa alivuka shujaa Kalala Ilunga, hapa alikimbilia mfalme Nkongolo. Kwa maneno mengine, kabla hapajatokea kijitabu cha utalii, Waluba walikuwa na kitu kinachofanya kazi ile ile, ila hakikuwa na mahali patupu. Huwezi kusoma ziwa juu ya lukasa bila kutaja nani alikaa pale, nani alishindwa pale na pepo gani analilinda.

Kuna atakayesema kwamba naifanya lukasa kuwa kitu cha watu wote ilhali kilikuwa cha wakubwa. Ana haki ya kusema hivyo. Mbudye walikuwa chama cha siri chenye ngazi, na walichosoma kiliwafaa wafalme; mvuvi wa kijiji cha Kikondja hakuwa na lukasa nyumbani kwake, na huenda mambo ambayo yeye aliyaona ya maana kuhusu ziwa hayakupigiliwa ushanga. Hata masimulizi ya mwanzo wa ufalme, ambayo yanamwonyesha Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, akimfundisha Nkongolo adabu za kula, ni masimulizi ya watawala wakijieleza kwa nini wanatawala. Lakini pingamizi hilo linagusa swali la nani alisimulia, haligusi namna ya kusimulia. Mfalme na mvuvi waligombania ushuru wa samaki. Hakuna kati yao aliyewahi kufikiri kwamba ziwa lingeelezeka bila watu. Wazo hilo liliwasili kwa njia nyingine.

Liliwasili likiwa limebandikwa kwenye kikaratasi kidogo. Machi 1884 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alifariki kwa homa karibu na Ziwa Upemba. Alikuwa ametokea Zanzibar, akakaa miaka kadhaa upande wa Tabora, akavuka Tanganyika pamoja na mwenzake Paul Reichard. Punda milia wa Afrika Mashariki ambao watalii huwapiga picha Serengeti wanaitwa na wataalamu kwa jina lake, na yuko ndege mdogo mla nyuki mwenye jina hilo hilo. Ni ajabu ya historia kwamba mtu ambaye punda milia walipewa jina lake amezikwa katika nchi ambayo baadaye ingekuwa kimbilio la punda milia wa mwisho wa Kongo. Baada yake walikuja wengine wenye vifaa zaidi. Kati ya 1910 na 1912 ujumbe wa kisayansi wa Wabelgiji ulioongozwa na daktari Jérôme Rodhain ulizunguka Katanga ukichunguza ugonjwa wa malale na mbung'o. Mmoja wao, Joseph Bequaert, alikusanya wadudu Bukama, Sankisia na Kikondja, na mpaka leo wako Ubelgiji, kila mmoja na pini yake na kikaratasi chake. Kikaratasi hicho kina jina la mahali, tarehe, na jina la mkusanyaji. Mtu aliyemwonyesha njia, aliyejua mdudu huyo hupatikana kwenye mti gani, aliyeshika mtumbwi usipinduke, hana nafasi pale. Siwalaumu wakusanyaji kwa ubaya wa moyo. Kikaratasi ni kidogo, na sayansi ya malale iliokoa maisha ya watu. Nasema tu kwamba Bukama iliandikwa upya, na safari hii kwa alama zisizo na wenyeji.

Hapo msomaji wa pwani asikae pembeni akitikisa kichwa. Lugha ninayoandikia iliwafikia Waluba ikifuata pembe za ndovu. Cameron alipoingia Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, aliyempokea vizuri ni Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amejenga na kutulia. Upande wa pili wa mji alikuwako Alvez, aliyekuja na msafara kutoka Bihé, Angola. Wote wawili walitafuta pembe na watumwa, na wote wawili walileta bunduki na vitambaa. Ndiyo kusema soko la mbali lenye njaa isiyoshiba halikungoja Wabelgiji. Anayetaka kuuandika uharibifu wote kwenye daftari la ukoloni atakuwa amempunguzia babu yake deni.

Hata hivyo, msafara wa wapagazi na gari-moshi ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake huko Bukama inaonekana wazi. Mwaka 1915, wakati wa vita vikuu, Waingereza walitaka kuingiza boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, katika Ziwa Tanganyika. Walizileta kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, ambako reli ilikuwa inaishia. Wakazikokota porini kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na nguvu za watu hadi Sankisia. Wakazipandisha kwenye reli fupi hadi Bukama. Kisha wakazishusha Lualaba, maji yakiwa yamepungua, boti zikisaidiwa na mapipa zisikwame, hadi Kabalo, na kutoka hapo kwa reli hadi Kalemie ya leo. Desemba mwaka ule ule ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Msomaji wa Kigoma anaijua sehemu ya mwisho ya hadithi hiyo, maana Graf von Götzen, meli waliyoizamisha Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ndiyo Liemba. Sehemu ya Bukama haisimuliwi sana, nayo inaonyesha jinsi mji huu ulivyokuwa kiungo: mwisho wa nchi kavu ya kusini, mwanzo wa maji ya kaskazini. Mwaka 1918 reli ya Katanga ikafika Bukama yenyewe. Mwaka 1928 ikakamilika ile ya kwenda Ilebo, zaidi ya kilomita 1,100, na Mfalme Albert I wa Ubelgiji akaja kuifungua.

Kilichobadilika ni umbali. Samaki aliyehitaji siku nyingi kichwani kwa mpagazi sasa alipakiwa jioni akaliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, baada ya muda mfupi tu, na mlaji wake hakuwa tena mnunuzi wa msalaba mmoja wa shaba. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, mmoja wa maelfu, aliyepaswa kula bukari, yaani ugali, na kitoweo kila siku ya Mungu. Nyama ya porini ilipanda gari hilo hilo. Kiswahili cha migodini nacho kilishuka kwa gari hilo, kikawa lugha ya bandari na soko la Bukama, Kiluba kikabaki cha nyumbani na ziwani. Ziwa lililokuwa likilisha vijiji vyake na misafara michache likafungwa kamba na tumbo la miji.

Mnamo tarehe 15 Mei 1939 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ikaunda Hifadhi ya Taifa ya Upemba, yenye zaidi ya kilomita za mraba 17,000, kutoka mabwawa ya Lualaba hadi nyanda za juu za Kibara. Falsafa ya hifadhi za Wabelgiji wakati ule, chini ya Victor Van Straelen, ilikuwa kali kuliko ya majirani: eneo litengwe kabisa, lisiguswe, aingie mwanasayansi. Baada ya vita, kati ya 1946 na 1949, Gaston-François de Witte aliongoza msafara uliokusanya viumbe kwa wingi wa kustaajabisha, na matokeo yake yakatolewa kwa vijitabu kwa miaka mingi. Kati ya vilivyochukuliwa zama hizo zilikuwamo ngozi na mafuvu ya swala wa majini, jamii ya lechwe. Yalikaa makumbusho. Mwaka 2005, zaidi ya nusu karne baadaye, mtafiti Fenton Cotterill aliyapima, pamoja na mengine ya 1926, akatangaza kwamba yule si lechwe wa Zambia bali ni wa aina yake, asiyepatikana popote isipokuwa bonde hili. Watu wa ziwani walikuwa wakimla tangu enzi za majiko ya udongo. Walikuwa na jina lake. Sayansi ilimjua kwa mifupa, na ilipomaliza kumjua, mwenyewe alikuwa karibu kwisha.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja, na halifai kurushiwa mkono. Ni nani aliyemmaliza? Haikuwa reli iliyoshika bunduki. Mapema miaka ya 1970 lechwe wa Upemba walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Leo wanahesabika kwa makumi. Waliowaua ni watu wa hapa hapa, pamoja na askari na waasi waliopita. Ukitetea wavuvi, wasema wapinzani, unamkabidhi fisi ulinzi wa bucha. Sikatai kwamba mikono ilikuwa ya hapa. Nakataa maelezo yanayoishia kwenye mikono. Kama kuishi kwa wavuvi kando ya wanyama ndiko kunakowamaliza, miaka 1,300 ilitosha kabisa kuwamaliza, haikuwamaliza. Kilichowamaliza kimetokea katika maisha ya mtu mmoja, na kina tarehe. Kuna vita vya kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, vilivyowasha moto kati ya Waluba wa kaskazini na serikali ya Elisabethville. Kuna mwaka 1975, hifadhi ilipopunguzwa hadi kama kilomita za mraba 11,700. Kuna vita vya 1998 na vikundi vya wapiganaji wa Mai-Mai vilivyozaliwa humo, bunduki za kivita zikazagaa kama majembe. Mei 2004 kituo cha Lusinga kilivamiwa, watu wakauawa, makao ya hifadhi yakaharibiwa. Desemba 2012 mkuu wa hifadhi mwenyewe aliuawa katika shambulio la kuvizia. Miaka ya 2005 na 2006 watu waliokimbia vijiji vya upande wa Mitwaba walijificha kwenye visiwa vya Ziwa Upemba, bila shamba, bila chumvi, mara nyingi na kipindupindu. Mtu wa namna hiyo akimwona swala, tusijifanye hatujui atakachofanya.

Wala sidai kwamba wazee walikuwa wahifadhi. Hiyo ni hadithi nyingine tamu ambayo wageni wameanza kutuandikia siku hizi, nasi tunaipokea kwa sababu inatusifu. Mvuvi wa Sanga hakumwacha swala kwa kumhurumia. Alimwacha kwa sababu samaki walikuwa karibu na hawakimbii. Kwa sababu nyama mbichi haikuwa na pa kwenda. Kwa sababu sehemu fulani za maji zilikuwa na pepo wake, na chifu mwenye ziwa alitoza na kukataza. Hayo ni mazingira ya kiuchumi na ya kitawala, na mazingira huweza kuundwa tena au kuvunjwa. Ndiyo maana historia ina faida kuliko sifa: inaonyesha kwamba wingi wa wanyama wa Bukama ulitegemea utaratibu wa watu ziwani, na kwamba utaratibu huo ulibomolewa kwa hatua, nyingi zikitoka nje, nyingine ndani.

Nani basi aliyewabakisha waliobaki? Hifadhi. Hilo lisemwe bila kuzungusha. Punda milia wa Lusinga wapo kwa sababu kuna walinzi waliokufa kwa ajili yao, na tangu 2017 shirika la Forgotten Parks linashirikiana na ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi za Kongo, kuijenga upya Upemba kutoka kwenye magofu. Mwaka 2025 watafiti walichapisha picha ya kwanza ya lechwe wa Upemba akiwa hai. Katika hesabu yao kwa ndege walikuwa wameona kumi tu, na wanakadiria waliosalia hawafiki mia. Bila mpaka wa hifadhi pengine picha hiyo isingepata wa kupigwa. Hata hivyo, tazama ni wapi hifadhi imefaulu na wapi imeshindwa. Imeweza nyanda za juu, ambako watu ni wachache na doria inaona mbali. Imeshindwa bondeni, kwenye maji na mafunjo, yaani mahali hasa ambapo maarifa ya kupita ni ya wavuvi. Lechwe ni mnyama wa bondeni. Yuko ndege mdogo pia, aliyeelezwa mwaka 1928 kutoka nyasi za kando ya Lualaba na Upemba na asiyejulikana kwingine duniani; vielelezo vyake ni vichache na kumbukumbu zake zinaishia 1950. Kumtafuta mnyama au ndege wa mafunjo bila mtu anayejua njia za mafunjo ni kupoteza mafuta ya boti.

Kwa hiyo mwenyeji wa Bukama anapoulizwa kwao kuna nini, aanze mahali lukasa ilipoanzia. Amwonyeshe mgeni bandari, mizigo ya samaki wakavu ikipimwa kwa jicho kabla ya kupimwa kwa mizani. Ampeleke Katoto amwambie kwamba chini ya miguu yao walizikwa watu wenye simbi za Bahari ya Hindi shingoni. Amwonyeshe mkondo uliokatwa kwenye mafunjo na kumtajia jina la ukoo unaoukata. Baada ya hapo amwambie habari za viboko na punda milia, na mgeni atawaelewa. Lubumbashi, katika Makumbusho ya Taifa, vyungu vya Sanga vimewekwa; watoto wa Bukama wanaosoma mjini humo wapelekwe kuviona. Mafunjo bado yanakatwa, na kazi hiyo inafanywa na wavuvi wenyewe, kwa panga, bila mshahara.